Darasa Lililopika kwa Masikio

Mfumo mpya wa elimu wa nane-nne-nne, ule wa miaka minane ya shule ya msingi, ulipoingia, watoto wa shule za msingi waliambiwa wasome kila kitu kilicho chini ya jua: kusokota kamba, kulima kabichi, kupuliza filimbi, kuchonga mwiko, kufua soksi. Wazazi wa upande wa Githongo, chini ya mlima, walishangaa sana. Mtu anampeleka mtoto shule ili akimbie jembe, halafu mtoto anarudi jioni akisema, "Mama, mwalimu amesema kesho niende na jembe." Wakanung'unika sokoni na kanisani, lakini jembe wakatoa. Januari ikaanza.

Aliyeshangaa kuliko wazazi wote alikuwa Mwalimu Naftaly Mbae wa darasa la sita.

Mbae alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake la kahawia halikumtoka mvua wala jua, na nyuma ya sikio hakukosa kipande cha chaki. Hesabu alifundisha kwa buni za kahawa, maana buni haziishi huko, ziko kila mfuko. Darasa hili lilikuwa lake tangu mwanzo. Aliwapokea wakiwa la kwanza, wengine wakilia na kushikilia gauni za mama zao, akawafundisha kushika penseli, akapanda nao kila mwaka darasa moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wao wakimaliza la nane, yeye anastaafu. "Mimi na nyinyi tutatoka kwa geti moja, siku moja," aliwaambia, na wao walikuwa wanaamini kabisa, kama wanavyoamini Krismasi itakuja.

Juma la kwanza la muhula hedimasta akamwita ofisini. Bwana Gitari alikuwa mtu wa Embu, mfupi, mtaratibu, anayepanga kalamu zake mezani kabla ya kusema neno baya.

"Mwalimu Mbae, keti. Mwalimu Wanja amehamishwa."

"Nimesikia. Mungu amtangulie huko."

"Yeye ndiye aliyepangiwa kufundisha Sayansi Kimu. Kupika, kufua, kushona."

"Hata hilo nimesikia."

"Sasa, mpaka nipate mwingine, kila mwalimu atafundisha darasa lake."

Mbae akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha wa mwaka mpya. Akaona Gitari hacheki, anapanga kalamu tu.

"Mwalimu mkuu, mimi ni mume wa mtu."

"Hata mimi ni mume wa mtu."

"Lakini mimi chai huwa naikuta ikiwa kwa kikombe! Sijui imetoka wapi."

"Utajua mwaka huu," Gitari akasema. "Novemba kutakuwa na siku ya wazazi. La saba wataonyesha viti walivyotengeneza, la tano vikapu, na la sita watapikia wageni. Mwalimu ambaye darasa lake halitaweza, mwakani nitampa la kwanza, na lake nimpe mwingine. Si ubaya, mwalimu. Ni kazi."

Mbae akatoka pale. Hakuogopa la kwanza, watoto wadogo aliwapenda. Aliogopa kuachwa nyuma na hawa, wapite geti lile na mtu mwingine.

Basi muhula wa kwanza akajificha. Kitabu cha Sayansi Kimu kilikuwa na milango mingi, naye akaanza na ile aliyoijua. Kushona vifungo alikuwa amejifunza chuoni akiwa kijana. Akafundisha vifungo wiki baada ya wiki, mpaka hakukuwa na shati shuleni lisilo na vifungo vyote, japo kimoja chekundu, kimoja cha kijani, kimoja kilitoka kwa koti la nyanya ya mtu. Akafundisha kufua. Akafundisha kuosha mikono, kunyoosha shati kwa pasi ya makaa, kufagia darasa bila kurusha vumbi. Kwenye kilimo wakachukua pakiti za maziwa ya shule, zile za pembe tatu, wakazijaza udongo na kupanda mbegu za kabichi, wakazipanga kando ya ukuta kama kofia ndogo ndogo. Mvua ndefu ikaja, miche ikahamishiwa shambani. Kila kitu kilikwenda sawa. Lakini mlango wa kupika ulikuwa palepale kitabuni, ukimngoja.

Muhula wa pili hakukuwa na pa kukimbilia. Mbae akaandika ubaoni, polepole sana: KUPIKA. Kabla hajageuka, mtu akasimama nyuma.

Alikuwa Salesio, kijana mkubwa kuliko wenzake, aliyeanza shule akiwa amechelewa kwa sababu ya kuchunga mbuzi wa babake. "Mwalimu, mimi nilitahiriwa Desemba."

"Najua, Salesio. Nilikuja nikala."

"Baba amenijengea nyumba yangu. Jikoni kwa mama siingii tena. Wenzangu wakisikia nimeshika sufuria watasema nimerudi utoto."

Vijana wengine wa rika lake wakaunga mkono kwa kukohoa. Mbele kulikuwa na msichana mdogo, mkali wa maneno, jina lake Igoki. Akasema bila kugeuza kichwa, "Basi na usile pia. Tuone huo ukubwa utafika Ijumaa."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mbae akagonga meza, lakini moyoni alikuwa upande wa Salesio. Yeye mwenyewe, tangu alipotahiriwa, babake akamtoa kwa nyumba ya mama, jikoni alikuwa akifika mlangoni tu. Ndivyo wanaume wa huko walivyolelewa. Sasa atamwambiaje kijana avuke mahali ambapo yeye hajavuka?

Siku hiyo alirudi nyumbani akipitia njia ndefu, ile ya mashamba ya kahawa, ili awaze vizuri. Njiani akakuta wachungaji wakichoma viazi vitamu kwenye majivu, wavulana wakubwa waliotahiriwa, wanakula na kucheka bila haya yoyote. Akasimama akawatazama mpaka wakaona haya ya kutazamwa. Hata harusini, akawaza, ni nani huchinja mbuzi na kumchoma? Wanaume. Ni nani hujaza utumbo nyama na damu ukawa mutura? Wanaume. Kwa nini hakuna anayecheka?

Kesho yake akawatoa watoto nyuma ya darasa, karibu na ua wa miti ya migrevilea, akaweka mawe matatu chini.

"Salesio, hapa ni jikoni?"

Salesio akaangalia juu, akaona mawingu. Akaangalia kando, hakuona ukuta. "Hapana, mwalimu."

"Ni wapi?"

"Ni nje."

"Basi leta kuni."

Kuni zikaja. Lakini moto si chakula. Ugali wa kwanza ulikuwa na mabonge ambayo hata mbwa wa mlinzi aliyageuza kwa pua akayaacha. Githeri ya kwanza, mahindi na maharagwe, iligonga sahani kama mvua ya mawe. Igoki alitafuna punje moja muda mrefu, akaitoa mkononi, akaiangalia, akasema, "Hii bado inaweza kupandwa."

Ikabidi Mbae amwendee mtu mmoja tu aliyejua, naye ni mkewe. Cicily, ambaye watu walimwita Mama Koome kwa jina la mtoto wao, jiko lake lilikuwa nyumba ya mbao ya peke yake, nyuma ya nyumba kubwa. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Mbae akachukua kigoda chake akakiweka nje, akaketi mgongo ukiwa kwa ukuta wa mbao, kama mtu anayepunga upepo tu.

"Mama Koome."

"Naam."

"Sasa unafanya nini?"

"Baba Koome, umepotelewa na kitu?"

"Hapana. Nauliza tu. Hiyo sauti ya *bwibwibwi* ni nini?"

"Ni viazi vimeanza kuchemka."

"Na vikiiva vinasemaje?"

Mama Koome akaweka mwiko chini. Tangu waoane hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Akasema, "Ingia uone."

"Niko sawa hapa. Wewe niambie tu."

Basi akamwambia. Kila jioni yeye ndani, mumewe nje, maneno yakipita katikati ya mbao. "Sikia sasa, maji yamepungua, sauti imekuwa nzito. Sikia, sasa inalia *chiri chiri*, ukiiacha itashika chini. Mafuta yakiwa tayari yananyamaza, ukitia kitunguu yanapiga kelele. Yakipiga kelele sana umechelewa." Na harufu nazo zilipita, akajifunza harufu ya unga mbichi na ya unga ulioiva. Mama Koome alikuwa akicheka peke yake mle ndani, akijifuta machozi kwa leso, akisingizia moshi.

Ndivyo Mbae alivyojua kupika bila kuona sufuria hata moja. Na kama alivyojua, ndivyo alivyofundisha. Hakusema "weka maji kiasi", maana hicho kiasi hakuwahi kukiona. Alisema, "Sikilizeni."

Siku moja Gitari akipita na bakora yake mkononi aliona jambo lililomsimamisha. Darasa zima limepiga magoti kuzunguka moto, vichwa vimeinama, macho yamefungwa, kimya kabisa.

"Mwalimu Mbae," akanong'ona, "mnaomba?"

"Hapana, mwalimu mkuu. Tunasikiliza viazi."

Wakati huo huo Salesio akainua mkono, macho bado amefumba. "Vimebadilika, mwalimu! Maji yamefika chini!" Wakaepua. Vilikuwa vimeiva sawasawa, si vigumu wala si uji. Gitari akapewa kimoja na chumvi, akala akitembea, akaenda zake. Lakini alirudi wiki iliyofuata saa ileile.

Likizo ya Agosti mambo yakafika vijijini. Akina mama wakaanza kusimuliana kisimani: mtoto anakaa sebuleni na kitabu chake, halafu anaita, "Mama, githeri inakauka!" Mama anakimbia, anakuta kweli. Habari zikafika pia kwa Misheck Kaberia, mwenyekiti wa wazazi, tajiri wa maneno, aliyetahiriwa siku ileile aliyotahiriwa Mbae. Watu wa rika moja huko hawaogopani, wanaweza kuambiana lolote mchana kweupe. Kaberia akamkuta kiwandani watu wakipeleka kahawa, akapaza sauti ili hata walio mbali wapate fungu lao.

"Baite, wanaume wenzangu, mpisheni njia! Mpishi amefika! Mbae, ile siku tulisimama pamoja mtoni kwenye baridi, ulisimama kwa sababu ya nini? Ya kitunguu?"

"Nilisimama kwa sababu wewe ulikuwa unatetemeka, mtu wa kukushika alihitajika," Mbae akajibu. Watu wakacheka, na Kaberia akacheka zaidi.

"Haya. Siku ya wazazi nitakuja na njaa yangu yote. Lakini nikuone wewe na hao vijana nje, kwenye hewa. Nikikuona ndani ya jiko la wanawake, Mbae, nitakununulia aproni yenye maua."

Mbae alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Kaberia akisema, wazazi wote husema.

Muhula wa tatu kabichi zikavimba shambani, na darasa la sita wakafanya mukimo: viazi, ndizi mbichi, mahindi na majani ya malenge, vyote vinachemshwa na kupondwa pamoja. Salesio akachonga mti wa kuponda, mrefu, laini, akauwekea nembo yake mwishoni. Walirudia mpaka wakaweza. Kilichobaki ni siku yenyewe.

Na siku yenyewe ikaja na mvua.

Novemba kule hakuna mtu wa kulaumu, mvua ni yake. Asubuhi kulikuwa na jua la kudanganya. Wazazi wakaja wamevaa vizuri, wakaketi kwenye darasa kubwa lenye milango mipana, wakaonyeshwa viti vya la saba na vikapu vya la tano, Mama Koome naye akiwa kati ya akina mama. Nyuma ya ua moto wa la sita ulikuwa umeshika vizuri, sufuria tatu kubwa juu, viazi ndani. Halafu mlima ukafunikwa, upepo ukaja na baridi yake, na mvua ikamwagwa kama kutoka kwa debe. Moto ukafa mara moja, *fssss*.

"Jikoni!" Igoki akapiga kelele. Wasichana wakashika sufuria kwa vitambaa, wakakimbia hadi jiko la shule, kibanda cha mbao ambamo mpishi huchemsha chai ya walimu. Wakaingia.

Wavulana wakakimbia pia, wakafika chini ya paa, wakasimama. Mlango uko wazi mbele yao, maji yanawatiririka shingoni, Salesio ameshika mti wake wa kuponda kama mkuki. Hakuna aliyeingia. Ng'ambo ya uwanja wazazi wote walikuwa wamegeuka kutazama, na mbele yao, mlangoni kabisa, Kaberia amekunja mikono anatabasamu. Kando yake Gitari, kalamu mfukoni.

Mbae alisimama katikati ya mvua. Alijua bila kuambiwa: wasichana peke yao hawataweza kuponda sufuria tatu wageni wakingoja, na nusu ya darasa si darasa. Akiwaamuru wavulana waingie huku yeye amebaki nje, hawataingia, na watakuwa na haki. Akaangalia wanafunzi wake, wale waliokuwa wakilia na kushikilia gauni, sasa wamelowa, wanamtazama yeye tu.

Akageuka, akakimbia. Wazazi wakadhani amekimbia kabisa. Akaingia darasa la sita, akatoka akiwa amebeba ubao, ule wa kuegemeza, juu ya kichwa kama mwavuli. Akauleta mpaka jiko la shule, akautundika kwenye msumari kando ya mlango, chini ya paa. Akachukua chaki nyuma ya sikio, ilikuwa imelowa lakini iliandika. DARASA LA SITA. Kisha akainamisha kichwa chake kirefu, akaingia ndani. Sauti yake ikatoka humo, ileile ya kila asubuhi.

"Naita majina! Igoki!"

"Niko, mwalimu!"

"Salesio!"

Mvua tu.

"Salesio! Leo hujaja shule?"

Salesio akatazama ng'ambo, akatazama ubao, akasoma maneno yale kana kwamba ndiyo kwanza amejua kusoma. Jikoni kwa mama haingii. Lakini darasani? Hajawahi kukosa darasani mwaka mzima. Akainama, akapita. "Niko, mwalimu!" Wengine wote wakamfuata wakisukumana, kila mmoja akiitika kabla hajaitwa.

Ndani ilikuwa shida nyingine. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi ukajaa mpaka dari. Mpishi wa shule akatoka mbio akikohoa: "Mtapikaje na hamwoni hata sufuria?"

"Fumbeni macho," Mbae akasema. "Nyamazeni. Mnajua kazi."

Wakanyamaza. Katikati ya mvua inayopiga bati na moto unaolia, sufuria tatu zikaanza kusema, moja moja. *Bwibwibwi.* Baadaye nzito. Igoki akasema, "Ya kwanza imeita!" Mwingine akasema, "Ya katikati bado, bado, sasa!" Mti wa Salesio ukaanza kuponda, *ndu, ndu, ndu*, na wenzake wakapokezana, machozi ya moshi yakiwatoka, wakicheka. Harufu ya mukimo ikatoka mlangoni, ikavuka uwanja kwenye mvua, ikawafikia wazazi waliokuwa wakipigwa na baridi na njaa.

Kaberia ndiye aliyeshindwa kwanza. Akavuka na koti kichwani, akapeleka pua mlangoni.

"Mzazi!" Mbae akaita kutoka kwenye moshi. "Hapa ni darasani. Mtu haingii bila kubisha."

Kaberia akatazama nyuma, akaona wanakijiji wote wanamtazama. Akagonga ubao kwa vidole. "Hodi."

"Unataka nini?"

"Nataka... nataka kusoma."

Kicheko kilichotoka ndani na ng'ambo kilishinda mvua. Wakamwingiza, wakampa vitambaa ashikilie sufuria isiyumbe wakati Salesio anaponda, na mwenyekiti wa wazazi akashikilia, kikohozi na yote, mpaka ikalainika.

Mukimo ulikwisha. Hata uliokuwa umeshika chini ukakwanguliwa. Akina mama walikula wakitazamana, kila mmoja akitafuta kosa, mpaka Mama Koome akasema, "Chumvi ni kidogo," na wote wakashukuru, maana kilikuwa kimekosekana cha kusema. Gitari akasimama kuhutubia, akaanza na karo, akaendelea na paa linalovuja, watu wakasinzia. Mwishoni akasema, "Na darasa la saba mwakani, mwalimu wao atakuwa Bwana Mbae. Sina mwingine atakayewaelewa hawa watoto wa kusikiliza sufuria." Darasa la sita wakapiga kelele mpaka Gitari akalazimika kupanga kalamu zake upya.

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika. Mbae alifika nyumbani koti likinuka moshi, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kutafuta kigoda chake pale nje ya ukuta. Hakikuwepo. Akatazama huku na huku. Kando ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, alikuta kibao cha zamani cha Koome cha kuandikia. Mama Koome alikuwa amesoma masomo ya watu wazima kanisani, herufi zake zilitambaa moja juu, moja chini, lakini zilisomeka: DARASA LA MAMA KOOME.

Mbae akasimama akazisoma tena. Akashika sikio lake, chaki bado ipo. Akagonga.

"Hodi."

"Umechelewa," mkewe akasema kutoka ndani. "Ingia. Kigoda chako kiko hapa."